Mkao wa Shingo Wakati wa Kuvutwa na Athari Zake kwa Nafasi baina ya Pingili: Ufafanuzi kwa Kuzingatia Mazingira ya Sinza, Dar es Salaam

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna mkao wa shingo wakati wa tiba ya kuvuta unavyoathiri nafasi baina ya pingili za shingo. Msukumo wa kuiandika umetokana na dhana iliyoenea miongoni mwa wakazi wa miji yetu, ikiwamo Sinza jijini Dar es Salaam, kwamba pingili "zilizobanana" huachanishwa kwa kuongeza uzito tu. Hoja kuu ya makala ni kwamba uzito peke yake hausemi chochote kuhusu mahali nafasi itakapofunguka. Pembe ya uvutaji, mgonjwa kulala au kuketi, na upande anaoelekea, ndivyo vinavyoamua kama nafasi itapanuka mbele, itapanuka nyuma, au itapungua pale pale panapouma. Makala inaeleza umbo la shingo, hesabu ya nguvu zinazohusika, matokeo ya tafiti zilizopima jambo hili kwa eksirei, na maana ya matokeo hayo kwa anayejivuta nyumbani na kwa majeruhi wa ajali.

1.0 Utangulizi

Sinza ni eneo lililopimwa viwanja katika miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Kwa miaka mingi lilikuwa sehemu ya Kinondoni, kabla ya kuundwa kwa Manispaa ya Ubungo ambako liko hivi sasa. Viwanja vilivyokusudiwa kuwa vya makazi vimegeuka kuwa pia mahali pa kazi. Kuanzia Sinza Madukani hadi Kumekucha na Mori, vyumba vya mbele vya nyumba nyingi ni maduka, saluni, ofisi za uchapaji na vibanda vya mafundi cherehani. Hizi ni kazi zinazomtaka mtu ainamishe kichwa kwa saa nyingi. Nje ya vyumba hivyo wako wachuuzi wanaobeba beseni kichwani juu ya ngata, na vijana wa bodaboda wanaopita kasi katikati ya magari. Kwa makundi haya matatu, yaani anayeinama, anayebeba na anayeanguka, shingo ni kiungo kilicho hatarini.

Mkazi wa Sinza anapopata maumivu yanayoanzia shingoni, yakashuka begani na mkononi hadi vidole vikafa ganzi, mara nyingi hurudi hospitalini na maelezo mafupi: pingili zimesogeleana na zinabana mshipa wa fahamu. Majirani huyaeleza maradhi hayo hayo kwa maneno mengine: pingili zimesagika, au ute umeisha. Maelezo hayo hayako mbali sana na ukweli, lakini huzaa hitimisho lililo rahisi kupita kiasi. Ikiwa pingili zimebanana, basi zivutwe ziachane. Na zisipoachana, uzito uongezwe. Vifaa vya kuning'iniza mlangoni, vyenye mkanda wa kichwa, kamba na mfuko wa maji, hupatikana kwa kununuliwa, na asiyeweza kuvinunua huweza kujitengenezea kwa kanga na dumu.

Taaluma inayohusika na tiba hii hufundishwa kwa Kiingereza katika vyuo vyetu, ilhali mgonjwa na mtaalamu huzungumza Kiswahili. Makala hii inakusudia kuziba sehemu ndogo ya pengo hilo. Swali linaloiongoza si "shingo ivutwe kwa kilo ngapi?" bali "shingo ikivutwa, nafasi hufunguka wapi?"

2.0 Umbo la Shingo na Nafasi Inayozungumziwa

Shingo ya binadamu ina pingili 7. Pingili mbili za juu, ambazo hubeba kichwa na kukiwezesha kugeuka, hazina diski kati yao, wala hakuna diski kati ya fuvu na pingili ya kwanza. Diski huanzia baina ya pingili ya pili na ya tatu na kuendelea chini. Diski ni kisahani cha gegedu chenye kiini laini katikati na tabaka za nyuzinyuzi ngumu pembeni. Kazi yake ni kupokea uzito na kuruhusu mwendo.

Tunaposema "nafasi baina ya pingili" tunaweza kumaanisha mambo matatu tofauti, na kuyachanganya ndiko chanzo cha makosa mengi. La kwanza ni nafasi ya mbele, yaani umbali kati ya kingo za mbele za miili ya pingili mbili. La pili ni nafasi ya nyuma, yaani umbali kati ya kingo za nyuma za miili hiyo hiyo. La tatu ni tundu la neva, yaani mlango mdogo ulio pembeni, kati ya diski iliyo mbele na kiungo kidogo kilicho nyuma, ambamo neva hutokea kwenda mkononi. Zipo jozi 8 za neva za shingo. Neva ya sita hupita baina ya pingili ya tano na ya sita, na neva ya saba hupita baina ya ya sita na ya saba. Neva hizi mbili ndizo hubanwa mara nyingi zaidi, na ndiyo sababu ganzi huonekana zaidi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati.

Ni muhimu pia kukumbuka kwamba shingo iliyotulia haiko wima kama mlingoti. Ina mpindo mdogo ambao tumbo lake limeelekea mbele. Kwa sababu ya mpindo huo, nguvu yoyote ya kuvuta hufanya kazi mbili kwa mfuatano: kwanza huunyoosha mpindo, kisha ndipo huanza kuzitenga pingili. Anayeona shingo yake imenyooka anaweza kudhani kwamba pingili zimekwisha kutengana, kumbe ni hatua ya kwanza tu iliyokamilika.

Mkao wa kawaida wa kichwa, hata bila kuvutwa, tayari hubadilisha nafasi hizi. Mtu anapoinamisha kichwa mbele, miiba na viungo vya nyuma vya pingili hufunguka kama kurasa za kitabu, na tundu la neva hupanuka. Anapokikunjua nyuma na kuinua kidevu, viungo hivyo hufungana na tundu husinyaa. Yoo na wenzake (1992), waliopima matundu hayo katika shingo za maiti, waliona upanukaji wa kiasi cha asilimia 10 shingo ilipoinamishwa nyuzi 30, na upungufu wa zaidi kidogo ya hapo ilipokunjuliwa nyuma kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo maana mgonjwa mwenye neva iliyobanwa hulalamika anapoangalia juu kufunga pazia au kuanika nguo, na hupata nafuu anapoinama kidogo.

3.0 Namna Nguvu na Mkao Vinavyofanya Kazi Pamoja

3.1 Pembe ya uvutaji

Tuchukue mfano wa mgonjwa aliyelala chali, akiwa amefungwa mkanda unaoshika kidevu na kisogo, na kamba ikapita kwenye kapi hadi kwenye uzito wa kilo 10. Kama kapi liko usawa wa kitanda, nguvu yote huelekea upande wa utosi. Kama kapi limeinuliwa ili kamba ifanye pembe ya nyuzi 24 na kitanda, nguvu ile ile hugawanyika sehemu mbili: takriban kilo 9 huvuta kuelekea utosini, na takriban kilo 4 huinua kichwa kuelekea juu. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kati ya kilo 4 na 5. Kwa hiyo sehemu ile ya pili inakaribia kukiinua kabisa kutoka kwenye mto. Kidevu hukaribia kifua, na shingo hujikunja mbele. Pembe ikipunguzwa hadi nyuzi 6, nguvu ya kuinua hushuka hadi kilo 1 hivi na kichwa hubaki kimelala.

Mfano huu unaonyesha kwamba kwa uzito uleule tumepata tiba mbili tofauti. Katika pembe ndogo, mvuto hupita karibu na mhimili wa pingili na kugawanyika kati ya mbele na nyuma. Katika pembe kubwa, shingo imekunjwa kwanza, hivyo mvuto hufungua zaidi upande wa nyuma, huku kingo za mbele zikipata nafasi ndogo au zikisogeleana. Kinyume chake, mvuto unaokielekeza kichwa nyuma hufunga viungo vya nyuma. Uzito unaongezeka, lakini tundu la neva halipati faida iliyokusudiwa.

Kupima pembe hakuhitaji kifaa cha gharama. Kwa kila sentimita 100 za umbali wa mlalo kati ya shingo na kapi, kapi likiinuliwa sentimita 10 hupatikana nyuzi 6 hivi. Likiinuliwa sentimita 20 hupatikana nyuzi 11. Na likiinuliwa sentimita 45 hupatikana nyuzi 24. Hata hivyo, pembe ya kamba si lazima iwe sawa na pembe ya shingo. Mkanda unaovuta zaidi kidevuni kuliko kisogoni huweza kukirudisha kichwa nyuma hata kama kamba imeelekea mbele. Kwa hiyo mtaalamu huangalia kamba, kisha huangalia kidevu.

3.2 Kulala au kuketi

Mtu aliyeketi au kusimama hukibeba kichwa chake mwenyewe. Uzito wowote unaomvuta kwenda juu huanza kwa kulipa deni hilo. Mfuko wa lita 8 za maji una kilo 8. Ukitoa kilo 5 za kichwa, shingo hubaki na kilo 3 hivi, bado hatujatoa msuguano wa kamba inayopita juu ya mlango. Zaidi ya hayo, misuli ya shingo ya mtu aliyeketi haipumziki kwa kuwa ina kazi ya kukisimamisha kichwa. Misuli iliyokaza huukabili mvuto na kuzizuia pingili zisisogee.

Aliyelala chali hana deni hilo. Kitanda kimekibeba kichwa, misuli imelegea, na karibu nguvu yote huifikia shingo, isipokuwa kiasi kidogo kinachopotea kwa msuguano. Deets na wenzake (1977) walilinganisha mikao hii miwili na kuona kwamba kulala kulileta nafasi kubwa zaidi upande wa nyuma. Somo linalopatikana ni kwamba idadi ya kilo haiwezi kuhamishwa kutoka mkao mmoja kwenda mwingine. Anayeambiwa na jirani "mimi nilivutwa kwa kilo 10" anapaswa kwanza kuuliza: ukiwa umelala au umeketi?

3.3 Uzito na muda

Uzito una nafasi yake, ila ni ya pili. Judovich (1952), mmoja wa waliotangulia kulichunguza jambo hili kwa picha, aliona kwamba utengano unaopimika ulianza kuonekana kwa nguvu ya kiasi cha pauni 25, yaani kilo 11. Chini ya hapo, kinachotokea zaidi ni kunyooka kwa mpindo na kulegea kwa misuli. Jambo hilo nalo laweza kuleta nafuu, lakini si kutengana kwa pingili. Kwa pingili mbili za juu kabisa nguvu inayotumika huwa ndogo zaidi, kwa kuwa hushikwa na kano pekee bila diski.

Muda nao una ukomo wa manufaa. Utengano hupatikana mapema katika kipindi cha tiba, na mvuto unapokoma pingili huanza kurejea zilipokuwa. Hakuna mgonjwa anayetoka katika chumba cha tiba akiwa na shingo iliyorefuka kwa kudumu. Kinachotafutwa ni kuipa neva pumziko la muda ili uvimbe upungue, mzunguko wa damu uboreke, na mazoezi yawezekane.

4.0 Ushahidi wa Tafiti

Wachunguzi wanaotajwa zaidi katika mada hii ni Colachis na Strohm wa Marekani. Mwaka 1965 waliwavuta vijana wenye afya kwa nguvu za pauni 30 na 50, sawa na takriban kilo 14 na 23, katika pembe za nyuzi 6, 20 na 24, kisha wakapima eksirei za pembeni. Matokeo yao yana sehemu mbili. Kwanza, nguvu ilipoongezeka, utengano uliongezeka. Pili, pembe ya kuinama ilipoongezeka, nafasi ya nyuma iliongezeka pia. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo sana, cha kuhesabiwa kwa milimita moja moja. Hata hivyo milimita si jambo dogo kwa neva iliyobanwa ndani ya tundu lenye upana wa milimita chache tu.

Kutokana na kazi za namna hiyo, kliniki nyingi zimezoea kanuni ifuatayo: kwa pingili za juu kabisa, shingo ivutwe ikiwa karibu kunyooka, nyuzi 0 hadi 5, kwa pingili za tano hadi saba, ivutwe ikiwa imeinama nyuzi 20 hadi 30. Mantiki yake ni kwamba kadiri shingo inavyoinama ndivyo mvuto unavyoshuka kuelekea pingili za chini. Wachunguzi wa baadaye hawakukubaliana wote na kanuni hiyo. Sehemu ya tofauti yao inaeleweka tukirudi kwenye jambo lililotajwa hapo juu, kwamba mikanda hutofautiana na pembe ya kamba si pembe ya shingo. Kwa hiyo kanuni hiyo ni mahali pa kuanzia. Dalili za mgonjwa mwenyewe ndizo zinazoamua. Maumivu yakihama kutoka mkononi kurudi shingoni, pembe inafaa. Yakishuka zaidi kuelekea vidoleni, pembe haifai na mvuto usitishwe.

Je, milimita hizo humponya mtu? Hapa majibu ni ya tahadhari. Young na wenzake (2009) waliwachunguza wagonjwa wenye neva ya shingo iliyobanwa na hawakuona faida ya ziada ya kuvuta juu ya mazoezi na tiba ya mikono. Fritz na wenzake (2014) waliwagawa wagonjwa 86 katika makundi matatu: mazoezi pekee, mazoezi pamoja na kifaa cha mlangoni, na mazoezi pamoja na mashine ya kuvuta. Baada ya miezi 6 na 12, waliovutwa kwa mashine pamoja na mazoezi walikuwa na ulemavu mdogo zaidi kuliko waliofanya mazoezi pekee. Tukizisoma tafiti hizi pamoja, tunapata picha ya tiba inayoweza kuwasaidia baadhi ya wagonjwa, ikisimamiwa vizuri na ikiambatana na mazoezi. Hatupati picha ya dawa inayosimama peke yake.

Kwa upande wa mzigo wa kichwani, ambao ni kinyume cha kuvuta, Jäger na wenzake (1997) walilinganisha wabebaji na wasiobeba nchini Sierra Leone na kuona uchakavu mwingi zaidi wa pingili za shingo miongoni mwa wabebaji. Jambo hili linawahusu wachuuzi wa Sinza moja kwa moja. Nusu saa ya kuvutwa haiwezi kushindana na siku nzima ya kubeba. Mgonjwa anayevutwa asubuhi na kurudi chini ya beseni mchana hubaki pale pale alipoanzia, isipokuwa namna ya kubeba ibadilike.

5.0 Mlango wa Nyumbani: Kiti Kielekee Wapi?

Kifaa cha mlangoni kinaweza kutumika kama kielelezo cha hoja nzima ya makala hii. Kamba hupita juu ya mlango. Upande mmoja una mkanda wa kichwa, upande wa pili una mfuko wa maji. Mgonjwa huketi kitini chini yake. Swali ambalo watu wengi hawaliulizi ni hili: aelekeze uso mlangoni au aupe mlango mgongo?

Akiuelekea mlango, kamba iko juu na mbele yake kidogo. Kichwa huvutwa juu na mbele, shingo huinama kiasi, na nafasi ya nyuma hufunguka. Akiupa mlango mgongo, kama wengi wanavyoketi ili waangalie runinga au watoto, kamba iko juu na nyuma yake. Kichwa huvutwa nyuma, kidevu huinuka, viungo vya nyuma hufungana na tundu la neva husinyaa. Kifaa ni kilekile, maji ni yaleyale, dakika ni zilezile, ila matokeo ni kinyume. Mtu huyu akiona maumivu yanazidi huweza kuamini kwamba uzito hautoshi na akaongeza maji. Kila lita anayoongeza huizidisha ile nguvu inayombana. Kosa lake ni la mwelekeo, naye analitibu kwa kipimo.

Anayejitengenezea kifaa kwa kanga na dumu huongeza hatari nyingine. Kanga iliyopita chini ya kidevu pekee huvuta taya na kukirudisha kichwa nyuma, wala haishiki kisogo. Ikiteleza, huangukia kooni. Isitoshe, dumu lililojaa likidondoka huivuta shingo ghafla, ilhali mvuto salama huanza na kumalizika polepole. Kwa sababu hizo, kujivuta kwa vifaa vya kubuni nyumbani hakushauriwi hata kidogo, na kifaa kilichonunuliwa kitumike baada tu ya mtaalamu wa fiziotherapia kumwonyesha mgonjwa mkao, pembe, uzito na muda unaomfaa yeye.

6.0 Majeruhi wa Ajali: Pale Mkao Unapoamua Uhai

Kuna hali moja ambapo kuvuta shingo ni tiba ya dharura, nayo ni pale pingili zinapoteguka au kuvunjika kwa ajali. Dereva au abiria wa bodaboda aliyeangukia kichwa anaweza kuwa na pingili moja iliyopanda mbele ya mwenziwe na kuubana ugwe mgongo. Hospitalini, madaktari huweza kufunga koleo maalumu kwenye fuvu na kuvuta kwa uzito ili kuirudisha pingili mahali pake. Crutchfield alieleza koleo la namna hiyo mwaka 1933, na aina zilizoboreshwa baada yake zingali zinatumika. Nchini Tanzania, majeraha haya ni sehemu ya kazi ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1996.

Hapa pia mkao hutangulia uzito. Pini za koleo huwekwa juu kidogo ya masikio, katika mstari wa tundu la sikio. Zikisogezwa nyuma kidogo ya mstari huo, mvuto huinamisha shingo. Zikisogezwa mbele, huikunjua nyuma. Viungo vilivyopandana huhitaji kwanza kuinamishwa kidogo ili vifunguke, na vikisharudi, shingo hukunjuliwa taratibu ili vitulie. Uzito huanza na kilo chache kwa ajili ya kichwa, kisha huongezwa kidogo kidogo kulingana na kina cha pingili iliyoumia. Kila nyongeza hufuatwa na eksirei pamoja na kupima nguvu na hisia za mikono na miguu. Pingili zikionekana kutengana kupita kiasi, uzito hupunguzwa mara moja, kwa kuwa ugwe mgongo ulionyooshwa kupita kiasi huweza kudhurika kama ulivyodhurika ulipobanwa.

Haya hufanyika kwa kuongozwa na picha. Barabarani hakuna picha. Kwa hiyo mpita njia anayemkuta majeruhi Shekilango asimnyanyue kwa kichwa, asimvute shingo "ili irudi", wala asimkalishe kwenye bajaji huku kichwa kikining'inia. Kichwa na kiwiliwili vishikiliwe pamoja katika mstari uleule, na shingo ibaki bila kuvutwa hadi afike mahali penye wataalamu. Vivyo hivyo, majeruhi mwenye maumivu ya shingo asipelekwe kwanza kwa mtu wa kumnyoosha. Mvuto unaotolewa kwa nia njema katika mkao usiojulikana unaweza kuukata ugwe ambao ajali yenyewe iliuacha mzima.

7.0 Wasiostahili Kuvutwa

Hata pale ambapo hakuna ajali, wapo ambao hawapaswi kuvutwa shingo kabla ya uchunguzi kamili. Wa kwanza ni mwenye kifua kikuu cha pingili, ugonjwa ambao bado upo nchini na ambao huila mifupa taratibu. Mvuto kwenye pingili iliyoliwa huweza kuivunja. Wengine ni wenye saratani iliyoingia mifupani, wenye mifupa iliyopoteza uimara, na wenye baridi yabisi iliyolegeza kano za pingili za juu. Vilevile, dalili za kubanwa kwa ugwe mgongo wenyewe ni sababu ya kumwona daktari haraka badala ya kutafuta mkanda wa kuvutia. Dalili hizo ni kama miguu kuyumba, mikono kushindwa kufunga vifungo, au haja kutoka bila kudhibitiwa. Kizunguzungu au kuona maruweruwe wakati wa kuvutwa ni amri ya kusitisha.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala hii imeonyesha kwamba nafasi baina ya pingili za shingo si kitu kimoja kinachokua kwa kuongezewa uzito. Ina upande wa mbele, upande wa nyuma na tundu la neva, na kila mkao huzigawa milimita chache zinazopatikana kwa namna yake. Kuinama kiasi hufungua nyuma. Kukunjua nyuma hufunga. Kulala huokoa nguvu ambayo kuketi hulipa kwa kichwa. Uzito huja baada ya hayo, na muda huja baada ya uzito.

Kutokana na ufafanuzi huu, mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, mtaalamu anayempa mgonjwa kifaa cha nyumbani ampe pia maelezo ya Kiswahili yanayotaja upande wa kuelekea na pembe, pamoja na kilo na dakika. Pili, maelezo ya hospitalini ya "pingili zimebanana" yafuatwe na sentensi moja zaidi: zimebanana wapi, na mkao upi unazifungua. Tatu, mafunzo ya huduma ya kwanza kwa waendesha bodaboda yaweke mkazo katika kutoivuta shingo ya majeruhi. Fundi cherehani wa Sinza Madukani anayefahamu kwamba maumivu yake hupungua anapoinamisha kidevu kidogo, na huzidi anapotazama dari, tayari ameshika nusu ya elimu hii. Nusu iliyobaki ni kujua kwamba hilo halimpi ruhusa ya kuining'iniza shingo yake mlangoni kabla hajaonyeshwa kiti kikae upande gani.